Mahali Wimbo Unasimama

Siku ya kwanza studio tulisimamisha wimbo wetu wenyewe, katikati, bila mtu kutuambia. Mimi nikanyamaza, mpiga orutu, ile fidla yetu ya uzi mmoja, akainua upinde, mpiga ngoma akalaza viganja juu ya ngozi, na sisi wote watatu tukageuka kuangalia mlango. Tunangoja. Produsa akatoa hedifoni, akatuangalia kupitia kile kioo chake kama mtu ameona kuku wamepanga laini.

"Kuna nini? Mbona mmeacha?"

"Hatujaacha," nikasema. "Tumesimama."

"Tofauti ni gani?"

Mpiga orutu ni mtu wa makamo, anashona viatu soko la Kibuye. Tunamwita Jaduong', yaani mzee, kwa heshima, ingawa akikasirika yeye mwenyewe hana heshima yoyote. Akacheka na pua. "Anauliza tofauti," akaniambia. "Mwambie wewe. Mimi nikimwambia nitamtukana."

Nikamwambia. Produsa alizaliwa hapa hapa Kisumu lakini amekulia Nairobi, kwa hivyo kuna vitu ilibidi aelezwe kama mgeni. Kwetu mkiimba kwa harusi ama kwa matanga, kuna mahali mtu anasimama katikati ya watu, anainua mkono, anasema muziki usimame. Mnasimama. Halafu anajisifu. Anasema yeye ni nani, ametoka wapi, ameolewa wapi, marafiki zake ni watu wa aina gani, na anasema kwa maneno matamu mpaka watu wanapiga mayowe. Hiyo tunaita pakruok. Akimaliza, nyinyi mnarudi palepale mliachia, kama vile hakuna kitu ilifanyika. Mwimbaji hajui kusimama huyo si mwimbaji, huyo ni redio.

Sasa huo wimbo tulikuwa tumeuimba miaka minne, na miaka minne mtu ametusimamisha baada ya ubeti wa tatu. Ilikuwa imeingia kwa mwili. Produsa akasema, "Sawa, nimeelewa, lakini hapa hakuna watu. Imbeni tu mpaka mwisho." Akatuwekea ile tik-tik masikioni ya kutuendesha. Tukaanza. Ubeti wa tatu ukaisha, tukasimama. Mara ya tatu nilijiapia moyoni kwamba leo sisimami hata nyumba ikiwaka moto, na kweli sikusimama, lakini upinde wa Jaduong' ulikuwa tayari uko juu, na ngoma imenyamaza, kwa hivyo nilijikuta naimba peke yangu kama mtu amechanganyikiwa sokoni.

Mpiga ngoma alicheka mpaka akalala sakafuni. Mimi sikucheka. Hiyo studio ilikuwa chumba kimoja Nyalenda, nyuma ya duka ya simiti na misumari, trei za mayai zimegongwa ukutani mpaka kwa dari, na jua la mchana likipiga bati hapo juu unaiva ukijiona. Hiyo ndiyo ilikuwa albamu yetu ya kwanza, nyimbo sita, na huo wimbo ndio ulikuwa wa kwanza kwa orodha.

"Hatuwezi," nikamwambia produsa. "Ngoja niende nilete mwenye hiyo nafasi."

*

Mwenye hiyo nafasi alikuwa Mama. Kuzaa hakunizaa, ni dada mdogo wa mama yangu, lakini kwetu dada ya mama yako ni mama yako, na asiyetaka kuelewa hivyo shauri yake. Nilienda kwake nikiwa darasa la saba na sikurudi tena. Yeye hukaanga mgongo wazi pale ufuo wa Dunga. Mgongo wazi ni ile mifupa ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwa, inabaki kiwanda ikishatoa nyama ya kupeleka ng'ambo: kichwa, uti na mkia. Wazungu wanakula ubavu, sisi tunapewa mgongo. Mama anaukaanga kwa karai kubwa mpaka unalia ukiuma, na nusu ya watu wa Nyalenda wamelelewa na hiyo karai.

Kuimba sikufunzwa na mtu. Nilijifunza nikipara samaki, kisu kikienda na mdundo wake na mimi nikikifuata. Niliingia kwaya ya kanisa wakanitoa. Mwalimu wa kwaya alisema mbele ya wote kwamba sauti yangu haiombi Mungu, inaita mashua. Nilienda nyumbani nikilia, nikamwambia Mama. Hakuniambia pole. Aligeuza samaki kwanza, halafu akasema, "Basi ita mashua. Mashua zinahitaji mtu wa kuziita."

Na nikianza kikundi na Jaduong' na mpiga ngoma, nani alikuwa anatujua? Tuliimba kwa matanga ya kwanza watu wakatupa mgongo wakaendelea kula wali. Kikundi hakisimamishwi ni kikundi hakina maana, kila mtu anajua hivyo. Ubeti wa tatu ukaisha, nikasikia sauti nyuma: "Chung'uru!" Simameni! Ni Mama, na aproni yake, mkono juu. Alisimama katikati ya hao watu wote akajisifu kama vile sisi ni watu wakubwa ambao mtu anaona fahari kutusimamisha. Vijiko vikatulia. Baada yake mwingine akainuka, halafu mwingine. Hiyo siku tukawa kikundi. Kutoka hapo, popote tuliimba na yeye ako, yeye ndiye wa kwanza kusimama, ubeti wa tatu ukiisha. Ndio maana nasema hiyo nafasi ina mwenyewe.

Akaja studio na gambuti zake, leso kichwani, harufu ya mafuta ya samaki ikaingia kabla yake. Produsa akampa hedifoni.

"Mimi siumwi masikio," akasema.

"Hapana, Mama, ni ya kusikia muziki."

"Muziki si uko hapa? Nawaona hawa watatu." Akazunguka chumba na macho. "Watu wako wapi?"

"Wako ndani ya hii maiki," nikasema.

"Wengi?"

"Wengi, Mama."

"Basi ngoja nifunge leso vizuri."

Tukaanza. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. "Chung'uru!" Tukasimama, na mara hii tukijua kwa nini. Alisema kwa Dholuo, hapa naweka kwa Kiswahili venye naweza:

"Mimi ni mgongo wazi! Kiwanda ilitoa nyama ikanitupa, na mimi ndiye nalisha mtaa. Mimi ni mfupa wa mbuta, umenimeza kwa siri, utanitema mbele ya watu. Nasifu wanawake wa Dunga, wale mikono yao inang'aa magamba kuliko dhahabu ya bibi harusi. Nasifu huyu binti yangu anaita mashua. Mimi ni mke wa ile boma ya lango jekundu ng'ambo ya Awasi. Mlifunga lango, nimeingia na wimbo. Endeleeni!"

Tukaendelea. Tulimaliza huo wimbo moja kwa moja bila kukosea hata mara moja. Produsa alikaa tu, mkono kwa mdomo. Halafu akasema, "Hiyo haitoki. Hiyo hakuna mtu anagusa."

"Sasa ameelewa tofauti," Jaduong' akasema.

*

Nieleze hiyo ya lango, kwa sababu bila hiyo hutajua kwa nini tulipigana.

Mume wa Mama alikufa wakiwa wameoana miaka kumi na moja. Baada ya matanga boma ikakaa, ikaamua kwamba ndugu ya marehemu atamrithi, kama mila inavyosema. Mama akakataa. Hakutukana mtu, hakuongea na magazeti, alisema tu kwamba amekuwa mke wa mtu mmoja na inatosha. Wakamwambia basi hii si boma yako. Alienda Kisumu kuuza samaki wiki moja, kurudi akakuta lango imewekwa kufuli mpya. Tangu hapo, kwa mkutano wowote wa hiyo familia, mtu akimtaja kama mke wa hapo anakatizwa. Kwenu pengine hiyo ni maneno tu. Kwetu mwanamke anazikwa kwa mume wake. Ukimwambia yeye si mke wa boma, umemwambia hata siku ya mwisho hana pa kulala.

Ndio kwa sababu kila mara akijisifu anamalizia na hiyo lango. Haombi kufunguliwa. Anasema tu yeye ni nani, watu wakiwa wanasikia.

Tukamaliza nyimbo tatu, nne, tano. Halafu siku moja produsa akanipigia simu, sauti yake tamu sana, na mimi mtu akiniongelesha tamu hivyo naangalia viatu vyangu kama viko. Akasema kuna mheshimiwa amesikia ule wimbo. Sijui kama ni kweli aliusikia ama alipelekewa. Huyo hakuwa mheshimiwa bado, alikuwa anatafuta kiti, lakini huku mtu akishabandika picha ya kwanza kwa mlingoti wa stima tayari ni mheshimiwa.

Tukaitwa hoteli moja ya kando ya ziwa. Aliagiza samaki, ngege nzima kwa kila mtu, akatuambia tuoshe mikono, akawa mtu poa kabisa. Nisimsingizie. Alicheka vizuri, alijua nyimbo za zamani, alimuuliza Jaduong' orutu yake imetengenezwa na mti gani. Halafu akaongea. Ana lori ya kampeni, spika nane. Huo wimbo atauweka kwa hiyo lori kutoka Awasi mpaka Port Victoria, kila soko, kila ufuo. Albamu tutaizindua kwa mkutano wake mkubwa, uwanja umejaa, tisheti ziko na uso wangu.

"Uso wake?" mpiga ngoma akauliza, mdomo umejaa samaki.

"Uso wake," mheshimiwa akasema. "Kuna kitu kidogo tu. Ile mahali mnasimama, pale kuna mama mmoja anaongea mambo ya mifupa. Hiyo nafasi ni nzuri sana. Nipeni mimi."

Nikasema, "Hiyo iko na mwenyewe."

"Najua." Akatoa mwiba kwa ulimi polepole. "Huyo mama namjua, binti yangu. Shemeji yake ndiye mwenyekiti wangu kule. Na hiyo boma, na ukoo wa hiyo boma, ni watu wangu. Wakisikia hayo maneno ya lango kwa lori yangu, nitawaambia nini? Sina ubaya na yeye. Anaweza kusema mambo ya samaki kwa wimbo mwingine. Lakini hawezi kujiita mke wa pale."

Nilifikiri nitaamka nimwage hiyo meza. Mtu ananijua anajua ningeimwaga. Unajua kwa nini sikuamka? Kwa sababu nilikuwa naona lori. Nilikuwa naona soko la Awasi limejaa na sauti yangu ikitoka kwa spika nane, na yule mwalimu wa kwaya amesimama hapo katikati na kikapu chake. Nilisema, "Tutafikiria." Nilisema hivyo mimi, kwa mdomo wangu. Jaduong' aliniangalia kama mtu ameona nyoka ndani ya kiatu cha mteja.

Njiani mpiga ngoma akasema, "Si Mama ataelewa? Ni maneno tu."

"Wewe ngoma yako ni ngozi tu," Jaduong' akamwambia. "Nikuchanie?"

*

Nilienda Dunga asubuhi iliyofuata. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri. Sikuwa nataka kumtoa, hapana, nilikuwa nimepata akili ya katikati, na hakuna mtu mjinga kama mtu amepata akili ya katikati. Nilimwambia Mama kuna lori, kuna uwanja, kuna hivi na hivi. Pengine aje arekodi tena, aseme yote ya mgongo wazi, aseme ya wanawake wa Dunga, aache tu ile ya mwisho. Mstari mmoja. Huyo mtu nitamwambia mimi akubali Mama abaki bila lango.

Alikuwa anaweka kuni. Moshi ulikuwa unakuja upande wangu na sikusonga kwa sababu nilitaka macho yangu yawe na sababu.

"Nani amekutuma?" akauliza.

"Hakuna mtu. Nimekuja."

"Hilo ndilo baya." Akapuliza moto. Halafu akasema, pole kabisa, bila kupandisha sauti, "Sikiliza, mama yangu." Ananiita hivyo akiwa anamaanisha. "Hiyo albamu ni yako. Ukitaka kunitoa, nitoe. Nitoe yote, na usiku nitalala, na kesho utakula hapa kama kawaida. Lakini usiniambie nisimame mbele ya watu niseme nusu. Mimi nikisema nusu, wale watu wa lango wamesema ile nusu ingine."

Nikamsogezea kuni moja.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

"Chukua hapo. Na uache kukaa kwa moshi, macho yako si ya kuuza."

Nilikula nikiwa na hasira mpaka taya inauma. Hasira ya nani? Yangu mwenyewe. Huyo mwanamke alisimama peke yake kwa matanga ya watu hatuwajui, wakati hata mbwa hawakutusikiliza, na mimi nimekuja kumpimia maneno kama mtu wa kupima sukari. Nilimwambia, "Mama, nimekosa." Akasema, "Najua. Leta maji."

Nikampigia produsa. Nikamwambia jibu ni hapana, mwambie mtu wako. Akasema sawa, sawa, lakini njoo Jumatano tumalize ule wimbo wa sita.

*

Jumatano tukaingia studio tukamkuta mheshimiwa ameketi ndani, miguu imenyooka, hedifoni tayari shingoni. Produsa hakuniangalia.

"Tujaribu tu," mheshimiwa akasema, akitabasamu. "Nyinyi imbeni, mimi nitasimamisha kama mila. Mkisikia haiwezi, tunafuta. Kuna hasara gani kujaribu?"

Jaduong' akaanza kurudisha orutu kwa mfuko. Nikamshika mkono. Sijui ni nini iliniingia, lakini niliona kitu moja wazi kabisa, na nilishangaa venye hakuna mtu mwingine ndani ya hicho chumba alikuwa amekiona. Mila anaitaja yeye, na mila inasema mtu anaomba muziki usimame. Haisemi muziki lazima ukubali.

"Piga," nikamwambia Jaduong'.

"Una wazimu?"

"Piga. Na usiinue huo upinde mpaka mimi ninyamaze."

Aliniangalia. Halafu nikaona kona ya mdomo wake. Akamgeukia mpiga ngoma akasema kitu kidogo kwa sikio lake, na mpiga ngoma, ambaye tangu hoteli alikuwa upande wa lori, akakuna kichwa, akaniangalia, akamwangalia mheshimiwa, akakaza ngoma katikati ya magoti. Sijawahi kumuuliza aliambiwa nini.

Tukaimba. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mheshimiwa akainua mkono, pete inang'aa.

"Simameni!"

Nikaingia ubeti wa nne.

Akafikiri sikusikia. "Simameni hapo!" Upinde ukaendelea kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Ngoma ikaongeza. Mwili wangu wote ulikuwa unataka kusimama, nikuambie ukweli, miaka minne haiondoki kwa siku moja. Lakini niliimba. Akapiga makofi, akaita kwa jina la baba yake, akaita na jina la chama, akaja karibu mpaka nikasikia manukato yake, na mimi nikaimba nikimwangalia machoni. Tulimaliza wimbo wote. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yetu kuumaliza bila kusimama.

Mheshimiwa akatoa hedifoni taratibu akaziweka juu ya kiti.

"Umenifanyia dharau," akasema.

"Bwana mkubwa," Jaduong' akajibu kabla yangu, "ukitaka kusimamisha watu, jiunge na askari wa barabarani."

Alitoka. Produsa akaanza kunipigia kelele, ati najua nimeharibu nini, ati watu kama sisi tunabaki Dunga milele kwa sababu ya kichwa ngumu. Nikamwambia Dunga si ugonjwa. Nikamwambia vitu vingine pia, ambavyo mwenye duka ya simiti alikuja mlangoni kusikiliza, na sivirudii hapa kwa sababu Mama anajua kusoma. Hatukutoka mpaka tukamaliza ule wa sita na Jaduong' akapewa nyimbo zote ndani ya flashi, na Mama ndani yake mzima, na akaiweka kwa soksi.

Albamu ilitoka hivyo. Hakukuwa na uwanja. Hakukuwa na tisheti. Ilienda kutoka simu mpaka simu, kwa vinyozi, kwa vibanda vya chapati, kwa redio mbili tatu za hapa ambazo mtangazaji akifika ile ya lango anacheka kwanza. Mtu wa kutoka ng'ambo ya Awasi aliniambia kwa ile boma wanazima redio ikianza. Nikamwambia vizuri. Ili uzime, lazima kwanza usikie.

Lakini produsa alikuwa bado na wimbo kwa kompyuta yake. Hiyo sikuifikiria. Sikusoma mambo ya studio kwa shule, najifunza nikigonga ukuta.

Nilikuwa Dunga mchana, napara samaki na wanawake wengine kama kumi hivi, nikasikia sauti yangu inakuja kutoka upande wa barabara. Kubwa, spika nane. Lori imepambwa na picha za mheshimiwa kutoka mbele mpaka nyuma, na ndani yake mimi naimba. Ubeti wa kwanza. Watu wakaanza kuniangalia. Ubeti wa pili. Nikasimama na kisu mkononi, na nakuapia sijui nilikuwa nataka kukifanyia nini. Ubeti wa tatu ukaisha, na pale mahali pa Mama, safi kabisa, imekatwa na kuunganishwa huwezi kuona mshono, mwanaume akaanza: "Mimi ni mwana wa..."

"MIMI NI MGONGO WAZI!"

Si mimi. Alikuwa mwanamke anauza omena, dagaa wetu wa ziwa, yule mnene mwenye meno ya mbele yameachana, amesimama juu ya ndoo yake. Kabla amalize, wa pili akadakia, na wa tatu, na wale wa kwa mashua, na wale wa kwa majiko. Walikuwa wanajua yote. Kila neno. Kumi, kumi na tano, ishirini, mikono imejaa magamba, wanapigia lori kelele: umenimeza kwa siri, utanitema mbele ya watu! Mheshimiwa alikuwa anasema vitu kwa spika nane na hakuna mtu hapo anaweza kukuambia alisema nini. Na ilipofika ya lango walipunguza, wakaisema pamoja, polepole, kama watu wanasoma jina kwa kitambulisho. Mke wa ile boma ya lango jekundu. Mlifunga lango, nimeingia na wimbo.

Dereva akaongeza mwendo, lori ikatupita ikiruka mashimo, ikielekea kwa maji.

Nikamtafuta Mama. Alikuwa kwa karai yake. Hakuwa amesema hata neno moja. Alikuwa ameshika kijiko cha kugeuzia samaki hewani, mafuta yakidondoka kwa gambuti, na samaki mmoja alikuwa ameanza kuungua, kitu sijawahi kuona tangu nizaliwe.

"Mama, samaki," nikasema.

Akamtoa. Akamwangalia, akamweka kando. Akapangusa mikono kwa aproni, akaangalia upande ule lori imeenda, na huko mbele barabara ya Dunga inaishia kwa ufuo, hakuna kwingine pa kutokea.

"Atageuza pale kwa mashua," akasema. Akafungua leso kichwani, akaifunga upya, akaja akasimama katikati yetu. "Songeni. Akirudi nataka kuwa mbele."